Nyumba mpya Johannesburg: mhuri wa mkaguzi na jicho la mkaguzi

Sheria ya Afrika Kusini humpa mwenye nyumba mpya dhamana ya miaka 5 dhidi ya kasoro kubwa za jengo. Lakini dhamana hiyo hutegemea ukaguzi, na ukaguzi huwa na thamani pale tu unapofanywa kwa wakati wake, na mtu ambaye riziki yake haitoki mkononi mwa mjenzi.

Mtu akienda dukani kununua viatu huvivaa kwanza, akatembea hatua mbili tatu ndipo alipe. Anunuapo nyumba mpya, ambayo kwa familia nyingi ndiyo mali kubwa kuliko zote watakazowahi kuwa nazo, mambo huwa kinyume. Yale yaliyo muhimu zaidi hayaoni. Msingi umefukiwa ardhini, nondo zimemezwa na zege, na mbao za kenchi zimefichwa na dari. Anachoonyeshwa siku ya kukabidhiwa funguo ni rangi, vigae na milango inayong'aa.

Ndiyo sababu serikali nyingi duniani zimeweka watu wa kuangalia kwa niaba ya mnunuzi. Mjini Johannesburg nyumba mpya hupita, kwa mujibu wa sheria, mbele ya macho ya aina mbili.

Jicho la kwanza ni la halmashauri ya jiji. Sheria ya Kanuni za Taifa za Ujenzi ya mwaka 1977 inakataza mtu kujenga bila ramani iliyoidhinishwa. Halmashauri hupewa siku 30 kutoa uamuzi wake ikiwa jengo halifikii mita 500 za mraba, na siku 60 ikiwa ni kubwa zaidi. Kazi ikianza, mkaguzi wa jiji hupaswa kuarifiwa ili aione mitaro ya msingi kabla ya zege kumwagwa, na mabomba ya maji machafu kabla ya kufukiwa. Mwisho wa yote hutolewa hati ya kuruhusu watu kuhamia.

Jicho la pili ni la Baraza la Taifa la Usajili wa Wajenzi wa Nyumba, linalojulikana kwa kifupi kama NHBRC. Baraza hilo lilipewa nguvu na sheria ya mwaka 1998 ya kuwalinda wanunuzi wa nyumba. Kila anayejenga nyumba kwa biashara lazima ajisajili nalo, na kila nyumba mpya lazima iandikishwe siku 15 kabla ya ujenzi kuanza. Benki nayo hairuhusiwi kutoa mkopo kwa nyumba mpya ambayo haikuandikishwa, au ambayo mjenzi wake hakusajiliwa. Wakaguzi wa baraza hutakiwa kufika kwenye kiwanja katika hatua mbalimbali, kuanzia msingi hadi umaliziaji.

Sheria hiyo pia imeweka dhamana ambayo mjenzi hawezi kuikwepa kwa maneno ya mkataba. Kwa muda wa miezi 3 tangu mwenye nyumba ahamie, mjenzi hupaswa kurekebisha kasoro ndogondogo. Paa likivuja ndani ya miezi 12, ni juu yake kuliziba. Na ikiwa jengo lenyewe litaonyesha kasoro kubwa, kama vile msingi kutitia au kuta kupasuka kiasi cha kuhatarisha nyumba, wajibu wake huendelea hadi miaka 5. Mjenzi akitoweka au akifilisika, baraza linao mfuko wa kugharimia matengenezo ya kasoro hizo kubwa, kwa kiwango kilichowekewa kikomo.

Kwa nini sheria itilie mkazo mkubwa namna hii katika msingi? Jibu limo katika udongo wa Johannesburg na vitongoji vyake. Upande wa kaskazini, kuelekea Midrand, sehemu kubwa ya ardhi imekaa juu ya mwamba wa matale uliooza na kuwa mchanga. Mchanga huo ukiwa mkavu huonekana imara, lakini ukilowa maji huku umebeba uzito wa jengo, chembe zake hujikusanya kwa ghafla na ardhi ikabonyea. Mahali pengine kuna udongo wa mfinyanzi, ambao huvimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi, ukiinua na kushusha nyumba mwaka baada ya mwaka hadi kuta zikapasuka.

Hatari zaidi ni upande wa kusini na magharibi, ambako kuna mwamba wa dolomiti. Mwamba huu huyeyushwa polepole na maji na kuacha mapango chini ya ardhi. Bomba likivuja kwa muda mrefu, au migodi ikivuta maji ya ardhini, udongo ulio juu huporomokea mapangoni. Katika eneo la migodi la Carletonville, magharibi mwa Johannesburg, shimo la namna hiyo lilimeza kiwanda cha kusagia mawe cha mgodi mmoja mwezi Desemba mwaka 1962, na watu 29 wakafa. Mwaka 1964 shimo jingine katika eneo hilohilo liliimeza nyumba usiku, pamoja na familia iliyokuwa imelala ndani.

Kwa hiyo, kabla hata ya tofali la kwanza, swali la kuuliza ni: ripoti ya udongo iko wapi, na ni nani aliyeiandika? Aina ya udongo ndiyo inayoamua msingi uwe wa namna gani, na mhandisi aliyesajiliwa ndiye anayepaswa kuusanifu. Msingi uliofaa kwa kiwanja kimoja waweza kuwa balaa kwa kiwanja kilicho ng'ambo ya barabara.

Katika karatasi, basi, ulinzi huu unaonekana kuwa kamili. Lakini tukio la tarehe 6 Mei mwaka 2024 katika mji wa George, jimbo la Rasi ya Magharibi, liliitikisa imani hiyo. Jengo la ghorofa za makazi lililokuwa likijengwa liliporomoka likiwa na watu 62. Waliokufa walikuwa 34, wengi wao wafanyakazi wahamiaji kutoka nchi jirani. Jengo hilo lilikuwa limeandikishwa na NHBRC. Ripoti za uchunguzi zilizotolewa mwezi Julai mwaka 2025 zilieleza kwamba uandikishaji wenyewe ulikuwa na dosari, kwamba zege lilikuwa hafifu, na kwamba nyufa katika nguzo zilikuwa zimeonekana kabla ya maafa. Mshauri wa usalama alikuwa amejiuzulu mwaka 2023 kwa kutoridhika na hali ya kiwanja, lakini kazi haikusimamishwa. Waziri wa Ujenzi wa serikali, Dean Macpherson, alisema kuwa maafa hayo yangeweza kuepukwa.

Funzo lake ni chungu lakini ni wazi. Mihuri ilikuwapo, ila hapakuwa na jicho lililoona likasema, wala sauti iliyosikilizwa iliposema. Karatasi haibebi ghorofa.

Suala la uhuru wa mkaguzi lilijitokeza kwa sura nyingine mjini Johannesburg kwenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti mwaka 2023, jengo la Usindiso katika mtaa wa Marshalltown liliteketea kwa moto na watu 76 wakapoteza maisha, wakiwamo wahamiaji kutoka Malawi na Tanzania. Jengo hilo lilikuwa kuukuu, tena lilikuwa mali ya jiji lenyewe. Tume iliyoongozwa na jaji mstaafu Sisi Khampepe iliona mwaka 2024 kwamba jiji lilibeba lawama kwa kutotekeleza sheria zake ndogo katika jengo lake. Waswahili husema kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere. Mwenye kukagua akiwa ndiye mwenye kukaguliwa, ukaguzi umekufa kabla haujaanza.

Ni kutokana na mashaka ya aina hiyo ndipo wanunuzi wengi wenye uwezo wamezoea kumtafuta mkaguzi wa tatu, yaani mtu binafsi wanayemlipa wenyewe. Wapo wahandisi waliosajiliwa na Baraza la Uhandisi la Afrika Kusini, na wapo pia watu wanaojiita wakaguzi wa nyumba. Tofauti kati yao ni kubwa. Mhandisi hufungwa na sheria na aweza kuadhibiwa na baraza lake akifanya uzembe. Jina la mkaguzi wa nyumba halilindwi kwa namna hiyo, kwa hivyo mwenye kumwajiri hana budi kuuliza elimu yake, uzoefu wake, na kama anayo bima ya kazi yake.

Swali kubwa zaidi ni nani anayemlipa, na nani aliyemleta. Mkaguzi aliyependekezwa na mjenzi, anayetarajia kuitwa tena katika nyumba kumi zijazo za mjenzi huyohuyo, ana sababu kumi za kunyamaza. Si lazima awe mla rushwa. Inatosha kuwa anajua mkate wake unatoka wapi. Vivyo hivyo, mthamini wa benki anayefika kabla ya kila awamu ya mkopo kulipwa si mkaguzi wa mwenye nyumba. Yeye hutazama kama thamani ya jengo inalingana na fedha za benki, basi.

Jambo la pili ni wakati. Wengi humwita mkaguzi siku ya makabidhiano, naye huandika orodha ndefu ya kasoro: mlango haufungi, kigae kina mwangwi, bomba linadondosha matone. Orodha hiyo ina faida, lakini huhusu yale yanayorekebishika kwa siku mbili. Kasoro inayoweza kuivunja nyumba ilikwisha kufukiwa miezi mingi nyuma. Mkaguzi mwenye manufaa hufika angalau mara nne. Kwanza, mitaro ikiwa wazi na nondo zimefungwa, zege likiwa bado halijamwagwa. Pili, kabla jamvi la sakafu halijafunika utando wa kuzuia unyevu. Tatu, kuta zikiwa zimefika kwenye lenta, ambapo timazi na pima maji husema kweli bila kumwogopa mtu. Nne, kenchi zikiwa zimesimama na dari haijapigwa. Baada ya hapo ndipo ije orodha ya mwisho. Kila mara picha zipigwe, tarehe iandikwe, na barua ipelekwe kwa mjenzi kwa maandishi, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Jambo la tatu ni fedha. Nguvu ya mwenye nyumba haimo katika hasira zake, bali katika malipo ambayo hajayatoa. Mkataba mzuri huyagawa malipo kwa hatua, na kila hatua hulipwa baada ya kukaguliwa. Mwenye nyumba anayetia saini barua ya kuridhika ili mjenzi alipwe na benki, huku kasoro zikiwa bado zimeorodheshwa mkononi mwake, amejivua silaha mwenyewe. Wako waliofanya hivyo kwa kuahidiwa kuwa mafundi watarudi Jumatatu, na Jumatatu hiyo haikufika.

Kwa maskini mambo ni magumu zaidi. Tangu mwaka 1994 serikali ya Afrika Kusini imejenga mamilioni ya nyumba za ruzuku, ambazo wenyeji wake hawakuchagua mjenzi wala hawakuwa na malipo ya kuzuia. Nyingi zilipasuka mapema, na mwaka 2010 waziri wa makazi wa wakati huo, Tokyo Sexwale, alieleza kwamba takriban sehemu moja ya kumi ya bajeti ya nyumba ingetumika kurekebisha zilizojengwa vibaya. Fedha za kujenga nyumba mpya zikawa za kujenga upya zile za zamani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa walipa kodi wote ndio waliojenga ukuta huo.

Bunge nalo halikukaa kimya. Sheria mpya ya kuwalinda wanunuzi wa nyumba ilitiwa saini mwaka 2024, ikikusudia kuifikisha kinga hiyo hata kwa wanaokarabati au kupanua nyumba zao, na kuongeza makali ya adhabu. Hata hivyo sheria haimwagi zege, wala haipandi juu ya kenchi kuhesabu misumari.

Yanayosemwa kuhusu Johannesburg yanawahusu pia Waswahili wengi wanaoishi humo na kwingineko ughaibuni, ambao huishi katika nyumba za kupanga huku wakituma fedha kujenga Goma, Mwanza au Mombasa. Afrika Mashariki inao msiba wake wa kukumbuka. Mjini Dar es Salaam jengo la ghorofa 16 liliporomoka tarehe 29 Machi mwaka 2013 na kuua watu 36. Mjini Nairobi, katika mtaa wa Huruma, jengo la makazi lilianguka usiku wa mvua wa tarehe 29 Aprili mwaka 2016 na kuua watu wasiopungua 49. Anayejenga akiwa mbali mara nyingi humkabidhi ndugu fedha, ununuzi wa saruji na usimamizi wa mafundi, vyote kwa pamoja. Ndugu huyo aweza kuwa mwaminifu kabisa, lakini amewekwa mahali ambapo anapaswa kujikagua mwenyewe. Kumwajiri mhandisi wa pembeni afike siku ya msingi na kutuma picha si kumshuku ndugu. Ni kumwondolea mzigo wa lawama ambao siku moja ungeweza kuivunja familia kabla ya kuivunja nyumba.

Gharama ya mhandisi kwa siku hiyo moja ni ndogo ikilinganishwa na bei ya nyumba nzima. Mtaro ulio wazi hukaguliwa kwa macho, na kosa likionekana husahihishwa kwa sepeto. Zege likishamwagwa, kosa lilelile litahitaji nyundo, mahakama na miaka.