Bakuli la mti wa nyumba iliyoanguka

  

Leo tutasema juu ya bakuli. Si lile la kulia ugali, ni bakuli la pambo, linalowekwa juu ya meza wageni walitazame, na ambalo mtu aweza kuliuza. Tutalifanya kwa mti uliookotwa. Lakini kabla ya kushika patasi kuna neno la kumaliza: mti huo ni wa nani?

Mnajua namna mambo yalivyo. Februari 2025, kambi za kandokando ya Goma zilipoondolewa, jamaa nyingi zilirudi Masisi, Rutshuru na Nyiragongo. Wako waliokuta nyumba zimebomolewa, au zimesimama bila mlango. Nguzo na milango haikuruka kama ndege. Kuna iliyochomwa jikoni, kuna inayoshika ukuta wa jirani, na jirani huyo naye alikuwa anatafuta pa kujificha na mvua. Basi ugomvi wa kwanza wa kurudi pengine si wa shamba. Ni wa mlango.

Ninyi wakubwa wa vijiji, msingoje watu washikane mashati. Tangazeni siku moja, sokoni na makanisani. Miti yote iliyookotwa iletwe mahali pa wazi, na kila mtu aonyeshe iliyo yake. Mwenye nguzo huijua nguzo yake: kwa msumari, kwa pigo la shoka, kwa rangi ya zamani. Mjane na yatima wasikizwe kama wengine, hata kama hawana karatasi. Mwenye mti akitaka kuurudisha nyumbani, aurudishe. Akitaka kuutoa au kuuuza, iandikwe mbele ya mashahidi wa pande zote mbili. Na mti usio na mwenyewe uwekwe kando muda mtakaopatana, usigawanywe siku ileile. Wako ndugu ambao bado wako Uganda au kwa jamaa mjini. Kutokuwapo si kufa.

Mti unaotolewa katika Parke ya Virunga hatuuhesabu. Huo haukuokotwa. Na mahali panapoonekana bomu au risasi kubwa isiyolipuka, msiguse kitu. Wekeni alama mbali na pale, mzuie watoto, mpashe wakubwa habari.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Ubao wa mlango ni mwembamba mno kwa bakuli. Tafuteni nguzo nene, boriti, gogo lililoangushwa na upepo, hata mti wa chukudu iliyozeeka. Nguzo ya sentimita 15 kila upande hutoa bakuli dogo la sentimita 14, nalo linatosha kwa kuanza. Grevilea ni mti mzuri kwa mwanafunzi: haumsumbui sana, na ukikatwa vizuri huonyesha madoa yanayong'aa. Ila vumbi lake huwasha ngozi ya watu wengine, basi fungeni kitambaa puani na kunawa mikono. Mkaratusi ni mgumu na hupasuka haraka. Kiini cha katikati ya gogo kiondolewe, maana ndipo ufa unapoanzia: pasueni gogo kati, kila nusu iwe bakuli lake.

Mti wa nyumba una siri zake. Ukinuka mafuta machafu ya moteri yaliyopakwa kuzuia mchwa, au ukiwa na rangi ya zamani, msifanye chombo cha chakula. Rangi ya kale inaweza kuwa na risasi, ile madini yenye sumu. Misumari itafuteni kwa sumaku ya spika ya radio iliyokufa. Pitisheni polepole pande zote. Risasi ya bunduki iliyozama ndani ya mti pengine haitavutwa na sumaku, basi tazameni kwa macho pia. Doa la buluu au jeusi mara nyingi ni alama ya chuma kilicholala ndani.

Kukereza ni kuuzungusha mti huku chuma kikiukata. Wengi watasema: hatuna umeme. Haidhuru. Kerezo la kamba ni la zamani kuliko umeme, nalo linataka watu wawili. Simikeni vigingi viwili imara, na kila kigingi kiwe na ncha ya chuma inayomtazama mwenzake. Pandeni kipande cha mti cha mviringo kwenye upande utakaokuwa mdomo wa bakuli, kikishikwa na misumari mifupi katikati. Wekeni vyote kati ya ncha mbili, na kutia mafuta kidogo kwenye ncha. Zungusheni kamba mara mbili juu ya kile kipande cha mviringo. Mmoja avute kamba kulia na kushoto. Mwingine aegemeze chuma chake juu ya ubao uliofungwa mbele yake, akate.

Hapa msikilize vizuri. Mti unapozunguka kumjia mkataji, chuma kinakata. Unaporudi nyuma, chuma kisisukume hata kidogo: akivute mkono mdogo nyuma, angoje. Asiyengoja, chuma kitazama na bakuli litaruka. Kwa hiyo mvutaji na mkataji lazima wapate mwendo mmoja. Mara ya kwanza ni taabu, kila mmoja humlaumu mwenzake. Wengine huhesabu kwa sauti, wengine huimba. Mkipanga vijana wawili-wawili, changanyeni aliyebaki na aliyerudi. Wakichoka, wabadilishane, kusudi asiwepo wa kuvuta kamba siku zote wakati mwenzake anajifunza ufundi.

Anzeni nje, kisha ndani. Kwa ndani inafaa chuma chenye ncha iliyopindwa kama ndoana. Mhunzi aweza kukifua kwa springi ya gari kuukuu. Katikati hubaki kisiki kidogo chini ya kile kipande cha mviringo. Mwishoni kinavunjwa, na mahali pake panalainishwa kwa kisu.

Gogo bichi hukatwa kwa urahisi, lakini likimalizwa siku hiyo litapinda. Acheni ukuta mnene, sehemu ya kumi ya upana: bakuli la sentimita 20 liwe na ukuta wa sentimita 2. Lizikwe katika gunia la takataka za kukereza, kivulini, miezi kadhaa. Lipimeni kwenye mizani ya sokoni. Uzito usipopungua tena, limekauka. Lirudi kwenye kerezo limalizwe. Nguzo ya nyumba ya zamani imekwisha kukauka miaka mingi, haina haja ya kungoja hivyo, ila ni ngumu na patasi itanolewa mara kwa mara.

Kulainisha, tumieni kwanza makali ya chupa iliyovunjika, kwa uangalifu, kisha msasa. Karatasi ya msasa ilipata jina lake kwa mti msasa, ambao majani yake hukwaruza. Mwenye mti huo karibu hana haja ya duka. Halafu anikeni bakuli juani kidogo lipate moto, mpake nta ya nyuki, msugue kwa kitambaa kwa nguvu mpaka mkono usinate. Msipake mawese: hayakauki, hushika vumbi na kunuka.

Tundu la msumari wa zamani msilizibe. Mnunuzi ataliuliza, na mwenye nguzo atalitambua. Huyo mwenye nguzo aitwe alione bakuli kabla halijakwenda sokoni. Na mgawanyo wa bei, sehemu ya mti, ya mvutaji na ya mkataji, uandikwe kabla ya kukata, mti ungali mchafu na wenye misumari. Bakuli likishang'aa, kila mtu hukumbuka kwamba nguzo ilikuwa yake.

Juma lijalo tutasema juu ya kunoa. Leteni patasi zenu.