Mali bila daftari hupotea bila habari
Hotuba ya Kamati ya Jamii, Siku ya Wakimbizi Duniani



Mara nyingi tumeulizwa: mali tuliyoiacha nyumbani, je, haki yetu imekwisha? Leo tunajibu kwa habari za wakimbizi waliotutangulia, Wayahudi wa Ulaya.

Wanazi walipoitwaa Austria mwaka 1938, waliwaamuru Wayahudi kuandikisha mali zao, kisha wakawanyang'anya. Ferdinand Bloch-Bauer, tajiri wa sukari wa Vienna, alikimbia. Picha zake, pamoja na ile ya mkewe Adele iliyochorwa na Gustav Klimt, zilichukuliwa, na hatimaye zikatundikwa katika makumbusho ya serikali. Alifariki Uswisi mwaka 1945 bila kurudishiwa.

Serikali ilidai kwamba Adele aliiachia picha hizo kwa wosia wa mwaka 1923. Mwaka 1998 Austria ilitunga sheria ya kurudisha mali, na mwandishi wa habari Hubertus Czernin akapekua majalada ya zamani. Karatasi zikasema: wosia ule ulikuwa ombi kwa mume, na mwenye picha alikuwa mume. Mwaka 2006 wasuluhishi waliamua picha tano zirudishwe kwa warithi. Mmoja wao, Maria Altmann, binti wa ndugu yake Ferdinand, alikuwa amekimbilia Marekani. Alikuwa na umri wa miaka 89.

Mjini Paris, Rose Valland alifanya kazi katika makumbusho ya Jeu de Paume, ambayo Wajerumani waliigeuza ghala la vitu vya wizi. Alijifanya hajui Kijerumani, kumbe kila siku aliandika kwa siri vitu vinapelekwa wapi. Baada ya vita, maandishi yake yalisaidia kuvipata vingi.

Hata leo watafiti husoma lebo na mihuri nyuma ya picha, vitabu vya minada, na zile zile orodha za mwaka 1938. Orodha ya mnyang'anyi imekuwa shahidi wa aliyenyang'anywa.

Tusidanganyane. Mwaka 1998 nchi 44 zilikubaliana mjini Washington kutafuta picha hizo na kutenda haki, lakini makubaliano hayo si sheria, na familia nyingi zinangoja hadi leo.

Ndugu zetu, sisi hatukuacha picha za Klimt. Tuliacha mashamba, nyumba na cherehani. Kila familia na iandike: mahali, mipaka, majirani, mashahidi. Wazee waulizwe wangali hai. Daftari likae kwa mwenyewe, kwani tumeona orodha ikiangukia mikono mibaya inavyotumika. Wafanyakazi wa mashirika, tunawaomba madaftari na mifuko ya kuzuia mvua.