Fedha za Serikali katika Hospitali ya Kanisa

Jioni hii nataka tuzungumze juu ya swali moja. Hospitali ya Nyakahanga ni ya nani?

Mzee mmoja aliniambia, "Mwalimu, ni ya Serikali, maana waganga hulipwa na Serikali." Mkewe akakataa, akasema ni ya Kanisa. Kila mmoja ana nusu ya haki. Mwenye hospitali ni Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, Dayosisi ya Karagwe. Lakini Serikali iliiteua kuwa hospitali ya wilaya, zamani Kyerwa ilipokuwa bado haijamegwa, jambo lililofanyika mwaka 2012. Kwa mapatano ya namna hiyo Serikali hutoa mishahara ya waganga na wauguzi, na fedha za dawa.

Desturi hii si mpya. Tangu miaka ya 1920 Serikali ya Waingereza ilizipa shule za misioni ruzuku, nazo zikakubali kukaguliwa. Kisha Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikazitia shule nyingi mkononi mwa Serikali. Kwa hiyo Makanisa yalipotia sahihi hati ya maafikiano na Serikali mwaka 1992, yalitaka ahadi mbili pamoja: kusaidiwa, na kutonyang'anywa.

Nitatoa mfano wa ng'ombe. Ng'ombe ni wa Kanisa, majani huletwa na Serikali, na maziwa twanywa sisi. Je, majani yakichelewa? Mwenye ng'ombe hawezi kumfukuza mgonjwa mlangoni. Hapana budi atafute fedha penginepo, na aghalabu huzipata mfukoni mwa mgonjwa yule yule. Katika hospitali moja, nisiyoitaja, nilimkuta mama mja mzito ameambiwa akanunue mipira ya mikono, ingawa kanuni yasema mama kama huyo ahudumiwe bila malipo. Muuguzi aliyemwambia alikuwa akiona haya. Tena Serikali ikimhamisha mganga wake, Kanisa halina nguvu ya kumzuia.

Basi katika mkutano wa kijiji mwulizeni diwani wenu: hospitali ilikadiriwa shilingi ngapi, zimefika ngapi, na zilifika mwezi gani? Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na makadirio hupita mbele ya madiwani miezi kadha kabla ya siku hiyo.