Mustari wa njia yako unaweza kusema
Maneno yaliyotolewa mbele ya vijana wa mwendo wetu, Goma



Wengi wetu humu tunafanya futingi asubuhi, wengine wanapanda kinga. Ukirudi nyumbani, telefone inakupa karte yenye mustari, kilometa na dakika. Unatoa video ndogo, unaituma ku WhatsApp, marafiki wanasema "Bravo!" Ni vizuri. Lakini ule mustari unaweza kutumikia raia pia.

Tuchukue maji. Ziwa Kivu iko hapa mbele yetu, lakini mu makartie mengi robine ziko kavu. Mama na watoto wanashuka ku ziwa na bidoni za litre 20. Tumeandika matangazo mara ngapi? Wanatujibu: "Munaongeza chumvi." Sawa. Sasa omba mama mumoja ruhusa, washa programu yako ya kukimbia, tembea naye kutoka kwake mpaka ku ziwa na kurudi. Karte itaonyesha kilometa, itaonyesha muda, itaonyesha na mupando. Ziwa iko ku mita 1,460 hivi juu ya bahari, na muji unapanda kuelekea Nyiragongo. Kushuka, bidoni haina kitu. Kupanda, ni kilo 20 ku mugongo. Hiyo nani ataikatala?

Namna ya kufanya ni nyepesi. GPS haiombi mega: unaweza kurekodi bila intaneti, utatuma kisha. Njiani piga picha tatu ao ine, usipige sura za watu bila kuwauliza. Video isipite nusu dakika, isimamishwe wima kama telefone, na isikuwe nzito, juu wenzetu wananunua mega za franka kidogo. Andika juu yake maneno machache: kilometa ngapi, dakika ngapi, bidoni ngapi kwa siku. Usiongeze hata mita moja. Siku tutakamatwa na uongo mudogo, hawatatuamini tena hata ku ukweli mukubwa.

Sasa sikilizeni vizuri, juu hapa njo kuna hatari.

Mimi nilikuwa natuma mustari wangu kila asubuhi, saa ile ile, kuanzia ku mulango wa parsele yetu. Siku moja nilikuwa na homa, sikutoka. Mangaribi, kijana mwenye sijamujua akaniuliza ku barabara: "Leo haukukimbia?" Alicheka tu, akapita. Mimi sikulala. Nilielewa kwamba nilikuwa nimemupa kila mutu nyumba yangu, njia yangu na saa yangu.

Si sisi tu. Mu mwaka wa 2018, karte ya dunia yenye Strava ilitoa ilionyesha kambi za waaskari mu Afghanistan na Syria, juu waaskari walikuwa wanakimbia na saa zao. Mu 2024, gazeti Le Monde la Ufaransa lilionyesha kwamba walinzi wa marais walikuwa wanaonekana namna ile ile. Kama walinzi wa rais wanajisahau, je, sisi wenye hatuna mulinzi?

Kwa hiyo, mbele ya kutuma: kata mwanzo na mwisho wa njia, nyumba isionekane, yako na ya yule mama pia. Ngoja siku moja ao mbili. Funga konte yako, waone tu wale unajua. Usitume karte ya mahali tunakutana. Na usitume faili yenyewe ya GPX: kila nukta yake inabeba mahali, na mara nyingi saa pia. Tuma picha ao video tu.

Mandugu, hatuna silaha na hatuzitaki. Tuko na miguu, kinga na telefone. Posho ijayo, kila kartie ilete njia moja ya maji. Tutaziweka zote ku karte moja, tuipeleke ku ofisi yenye kuhusika, mangazubui, bila fujo.