Marudio ni Mali, Lakini Zebaki Itangulie Kutoka

Maneno yaliyotolewa kwa vikundi vya wachimbaji wadogo wa dhahabu, Geita



Leo tunazungumzia marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya kukamata dhahabu kwa zebaki. Wengi huyauza kwa bei ya kutupa. Wanunuzi wanajua wanachokifanya: zebaki huacha dhahabu nyingi mchangani, mara nyingi zaidi ya nusu.

Dhahabu hiyo hutolewa kwa sayanaidi, njia iliyosajiliwa mwaka 1887 na John Stewart MacArthur na wenzake wa Glasgow. Mchanga huwekwa kwenye tangi na kumwagiwa maji yenye sayanaidi kidogo. Kwa msaada wa oksijeni, dhahabu huyeyuka ndani ya maji hayo. Kisha maji hupitishwa kwenye kaboni, ambayo mara nyingi hutengenezwa kwa vifuu vya nazi, nayo huishika dhahabu.

Kazi hii ina masharti. Chokaa hutangulia, ili pH ibaki juu ya 10. Ikishuka, hutoka gesi inayoua, na si kila mtu anaweza kuinusa. Bwawa la mabaki nalo liwe imara. Mwaka 2000 bwawa lilipasuka Baia Mare, Romania, na sumu ikaua samaki hadi nchi jirani ya Hungaria.

Lakini kuna hatari isiyosemwa sana. Sayanaidi huyeyusha zebaki pia. Maji ya tangi yakivuja, huibeba hadi mtoni. Sayanaidi huvunjika polepole juani. Zebaki haivunjiki kamwe. Ndani ya tope la mto, vijidudu huigeuza kuwa sumu inayojikusanya katika samaki. Mama akila samaki hao, mtoto aliye tumboni anaweza kuharibika ubongo kabla hajazaliwa.

Ndiyo maana Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika mwaka 2017 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2020, unataka ikomeshwe tabia ya kutia sayanaidi kwenye marudio ambayo zebaki yake haijatolewa kwanza.

Basi tunawaomba mambo matatu. Kwanza, msimwage zebaki kwenye mchanga wote. Osheni kwa maji na mazulia hadi ubaki mchanga mzito kidogo. Zebaki, kama bado mnaitumia, iguse huo tu, na ichomwe ndani ya chombo kilichofungwa, mbali na nyumba. Pili, marudio yaliyoguswa na zebaki yatengwe, yasichanganywe na masafi. Tatu, kabla ya kuuza marudio masafi, pelekeni sampuli maabara, mjue thamani yake, kisha kikundi kipatane bei kwa maandishi.

Jasho ni lenu. Tusikubali dhahabu iende kwa mwingine na sumu ibaki kwa watoto wetu.