Wenye Nyumba na Hatari ya Moto



Mwezi wa Januari 2009 duka kubwa liliteketea katikati ya Nairobi, na watu zaidi ya 25 wakapoteza maisha. Nilipokumbuka hayo, nilikwenda kukagua vyumba ninavyopangisha. Nilikuta mlango wa nyuma una kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu mwenyewe! Niliona haya.

Vinyunyizio vya maji vya darini ni vyema. Vingi hufunguka vyenyewe joto lifikapo nyuzi 68, tena vile tu vilivyo karibu na moto. Lakini pasipo tangi lenye maji, ni pambo tu. Asiyemudu gharama hiyo na aanze leo kwa kuondoa kufuli, magunia ngazini na nyaya zilizochakaa. Nyumba hujengwa tena, roho hairudi.