Kuchi wa Kanda ya Ziwa

Tumtazame kuku mmoja: kuchi. Ukimwona ndani ya tenga nyuma ya baiskeli pale Buhongwa, Mwanza, humsahau. Shingo ndefu, upanga mdogo, kifua chenye manyoya haba, miguu mirefu inayomsimamisha wima. Jogoo aliyekomaa hukaribia kilo 3.

Kwa nini akuhusu? Kwa sababu kuku huyu wa asili, anayejulikana sana Mwanza na Shinyanga, ana mwili mkubwa. Jogoo wake akipanda mitetea ya kawaida, vifaranga hutoka na umbo.

Sasa tusikilize upande wa pili. Mwenye ada ya shule ya kulipa hufuga broila, wiki 6 yuko sokoni, au huchukua Kuroiler, asili yake India. Simlaumu hata kidogo. Kuchi hukua taratibu, na kumpata wa damu safi ni kazi. Wengi wanaouzwa kwa jina hilo ni machotara. Mdondo nao humuua kama kuku mwingine yeyote, usipomdondoshea chanjo jichoni kila baada ya miezi 3.

Lakini, na hapa naomba sikio lako: kifaranga wa broila utamnunua kila msimu. Kuchi hutaga, hulalia, hutotoa mwenyewe. Mbegu inabaki uani kwako.

Swali nakuachia, msikilizaji: jogoo wa mwisho wa damu safi akichinjwa sikukuu ijayo, kijiji kitaazima mbegu kwa nani?